Foleni ya Waliosikia Kwanza

Bibi yangu aliponiomba nimwitie watu, mimi tayari nilikuwa mtu wa kusikilizwa, na hilo ndilo lililotuponza.

Nilikuwa nauza uji kwenye rashi ya Kemagutu, upande wa Tarime. Rashi ni pale dhahabu inapochomoza ghafla, watu wakamiminika kabla mwenye shamba hajamaliza palizi. Leo ni shamba la mihogo, keshokutwa ni mji: kuna vinyozi, kuna wachungaji wawili wanagombania waumini, kuna mtu anachaji simu kwa betri ya gari. Muuza uji anaamka kabla ya wote, na wote wanapita kwake. Mimi maneno sina mengi ila macho ninayo. Nikimimina uji naona nani amekuja na tope magotini, kumbe duara lake, shimo la kuchimbia, limeingia maji. Nani anaomba sukari ya kuongeza, kumbe jana mawe yake yamejibu, yametoa dhahabu.

Nikaanza kuyasema hayo kwenye simu kila asubuhi, dakika mbili tu, kwenye grupu tuliloliita Sauti ya Kemagutu. "Habari za asubuhi, ni Mokami. Duara la juu maji yamepungua. Kamba ya wale vijana wa Shinyanga imekatika, hakuna aliyeumia. Karasha la pili limeharibika, msipeleke mawe." Basi. Karasha ndiyo mashine ya kusaga mawe, na mtu aliyebeba mawe mgongoni mpaka kwenye karasha bovu, hata awe mwanaume wa namna gani, machozi yanamtoka. Baada ya miezi mitatu grupu lilijaa pomoni. Tarime mjini watu walikuwa wananisikiliza wakipiga mswaki.

Aliyeumia ni Mzee Okal. Method Okal ni mwandishi wa habari, anakaa Nkende pale mjini, miaka ishirini na miwili anaandikia gazeti la Dar es Salaam habari za huku kwetu. Enzi zake alikuwa anatia filamu ya picha kwenye bahasha, anampa kondakta wa basi la Mwanza, habari inatoka siku ya nne, na watu bado wanashangaa. Alikuja Kemagutu na daftari lake, shati limechomekewa, akanywa vikombe viwili akiniuliza maswali, akaandika kurasa tatu. Kuinua macho, anaona benchi zima linacheka.

"Mnacheka nini?"

"Hayo yote Mokami alishayasema asubuhi, mzee. Sisi tumeshayasahau."

"Yawa!" akasema. Ni Mjaluo, akishangaa anarudi kwao. "Binti, umeniua nikiwa na kikombe mkononi."

Hasira yake haikudumu. Akawa anakuja mara kwa mara, anakunywa uji, ananikosoa. "Umesema nani, umesema nini, wapi na lini. Hujasema kwa nini. Halafu umemuuliza mtu wa pili?" Mimi nacheka. Mtu wa pili wa nini, na kamba nimeiona kwa macho yangu imekatika?

Sasa bibi. Bibi yangu anaitwa Gati, anakaa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Masika yalimwangushia nyumba, na tangu siku hiyo akawa analala jikoni na mbuzi wawili, mmoja wao anakohoa. Tukamsimamishia nyumba mpya, miti na fito, juu bati. Ilibaki kuikandika udongo kabla vuli haijafika, maana nyumba ya fito tupu ikipigwa na upepo wa kule inaondoka kama kikapu, na ya kujenga nyingine hatukuwa nayo. Kwetu Wakurya kazi kama hiyo mtu hafanyi peke yake. Anaita risaga: ndugu na majirani wanakuja na vifaa vyao, wanapiga kazi nusu siku, halafu mwenye nyumba anawalisha na kuwanywesha pombe.

Alhamisi nilikwenda kumpelekea mahindi. Akaniambia, "Wewe si unasikilizwa na watu? Niitie watu wangu. Au nikuoneshe namna ya kuita?"

Nikabonyeza simu, nikamsogezea mdomoni. Bibi akaongea kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Mimi Gati wa Mbalibali nasema, Jumamosi jua linapotoka mje kwangu! Kila mtu na jembe lake na karai lake! Mchanga upo, mzuri, unang'aa! Msichelewe, wa kwanza ndio wa kwanza! Na hakuna atakayeondoka mikono mitupu!"

Nikapiga na picha ya ule mchanga. Ni mchanga wa mtoni, wa kuchanganya na udongo ili ukuta usipasuke. Una vijiwe vya kumetameta, na umekuwa hivyo tangu nizaliwe. Nikatuma vyote, sauti na picha, kwenye Sauti ya Kemagutu, kwa sababu mle ndani walikuwamo ndugu zetu kama thelathini. Kusema ni risaga ya kukandika nyumba sikuona haja. Mtu akiambiwa jembe, karai, jua linapotoka, anaelewa. Kwetu anaelewa.

Kwetu.

Ijumaa asubuhi nimekoroga sufuria mbili za uji, wateja hawaji. Nakaa, naangalia. Watu wanapita mbio, wengine wamebeba turubai. Akaja Felista, rafiki yangu, anaosha dhahabu kwa karai pale bondeni, mkono wake unaaminiwa na Kemagutu yote. Ni mtu wa Geita. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama anakwenda vitani.

"Shoga," akasema, "kwenu Mbalibali kuna sehemu ya kulala wageni?"

"Wageni gani?"

"Mokami, usinifanyie hivyo. Mimi ni rafiki yako. Nimekusifia kwa ndugu zangu wote wa Geita, nimewaambia huyu msichana hana uchoyo, bibi yake kapata mchanga, katangaza dunia nzima."

Nikaacha kukoroga, mwiko uko mkononi. Nikafungua simu. Jamani! Ile sauti ya bibi ilikuwa imesharudi kwangu kupitia magrupu matatu mengine, kila moja imeongezewa kitu. Moja inasema mchanga una dhahabu kilo kadhaa. Nyingine inasema kibali kimetoka. Nyingine ina ramani na alama za moto. Mtu mmoja alimsifu bibi, eti huyu mama ana roho ya uongozi.

Nikatuma haraka: "Jamani ni Mokami. Kwa bibi yangu hakuna dhahabu. Tunakandika nyumba."

Majibu yakaja kama mvua ya mawe.

"Ameshaambiwa na bibi yake afute."

"Mokami, tangu lini mtu mwenye mchanga unaong'aa akasema anao?"

"Anataka ukoo wao wafaidi peke yao. Tunakuja."

"Hata kama hakuna, mimi nimeshapanda pikipiki."

Niliona jambo moja ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kusema habari. Kamba ikikatika nikasema imekatika, wananiamini. Dhahabu haipo nikasema haipo, hawaniamini. Kinywa ni kilekile.

Saa nne Mzee Okal akafika, shati halikuchomekewa. Hapo nikajua mambo ni mabaya. Akanipa simu yake bila kusalimia. Ulikuwa ukurasa wa gazeti lake kwenye mtandao, na picha yangu ya mchanga ndiyo hiyo juu: DHAHABU YAFUMUKA MBALIBALI, BIBI AALIKA WANANCHI.

"Si gazeti lako hili?"

"Langu! Nimelitumikia miaka ishirini na miwili! Mimi niko hapa, mtoto wa hapa, hata simu ya kuniuliza mzee umeamkaje hawakupiga. Wamechukua kwa mtu wa Sirari, kule mpakani. Wa Sirari!" Akaketi kwenye benchi. "Nimewapigia, mhariri ananiambia, Okal, watu elfu kumi wameshasoma. Nikamwambia hata wakisoma laki, mchanga hautageuka. Akaniambia basi nenda ukathibitishe. Ukathibitishe! Wameshapika, wameshapakua, ndiyo wananituma nikanunue unga."

"Mzee, hao watu wataichimba nyumba ya bibi yangu."

Akaniangalia. "Ina msingi?"

"Ina fito."

Tukaita pikipiki. Tukakaa mishikaki: dereva, mzee na daftari lake, mimi nyuma na mwiko wa uji ambao nilisahau kuuacha. Njia nzima tunapita watu wenye masululu na makarai, wengine wanaimba. Wakanitambua. "Mokami! Mokami huyo! Anawahi!" wakashangilia, dereva wao akaongeza moto kutufukuza. Nikajaribu kuwapigia kelele kwamba hakuna kitu. Walinipungia mikono.

Bibi tulimkuta anachekecha udongo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wangapi wanakuja?"

"Bibi, ni wengi."

"Ishirini?"

"Zaidi."

"Arobaini? Pombe itatosha, nimeongeza mtungi."

"Bibi, labda mia nne."

Akasimamisha chekecheo. "Wa ukoo gani hao?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea atanichapa na ule mwiko. Yeye akafikiri, akauliza, "Na wote wamebeba majembe?"

"Na makarai."

"Basi angalau wanasikia wanachoambiwa," akasema, akaendelea kuchekecha. Ila niliona macho yake yanakwenda kwenye nyumba. Ilikuwa imesimama pale katikati ya uwanja, mbavu nje, imekandikwa upande mmoja tu aliouanza mwenyewe. Jua lilipoupiga upande ule, ukuta ukametameta kama sikukuu. Mzee Okal akasema kwa sauti ndogo, "Hapo ndipo penye hatari."

Jumamosi jua linatoka, walikuwa wamejaa uwanja, shamba, mpaka njia ya kisimani. Pikipiki zimelazwa kama samaki. Mbuzi anayekohoa alipanda juu ya jiwe akawa anatuangalia wote. Mbele yao alisimama Mwikwabe, mwenye maduara matatu Kemagutu, mtu mrefu ambaye akihama watu wanahama naye. Sululu begani. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo mama. Samahani, tunaomba kuibomoa nyumba."

Alisema kwa adabu kabisa. Watu nyuma wakaitikia, "Tunaomba mama!"

"Mwikwabe," nikasema, "wewe ni Mkurya. Uliisikia sauti ya bibi. Hukujua ni risaga?"

"Nilijua," akasema, akatabasamu kama mtu aliyekamata mwizi. "Nilipoisikia tu nikajua ni risaga, nikalala. Asubuhi naona gazeti limeandika dhahabu. Nikasema ahaa! Bibi huyu ana akili. Ameifunika na risaga ili wanaojua risaga wasije!"

Watu wakamshangilia kwa akili hiyo. Mzee Okal akashika kichwa.

Mmoja wa vijana wake akapiga sululu kwenye kona ya nyumba. Pu! Kipande cha udongo mkavu kikaanguka, na fito mbili zikalia. Bibi akatoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyagwa. Alikuwa ameisimamia kona ile wiki nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka desturi ya rashi. Kwenye rashi watu hawaheshimu shamba wala mwenye shamba, lakini kitu kimoja wanakiheshimu: aliyetangulia ndiye anayechagua pa kuchimba. Wa pili anafuata, wa tatu anafuata. Watu wanaweza kupigana meno yakatoka, lakini wanapigania nani alitangulia, hawaipingi desturi yenyewe. Nikamnong'oneza Mzee Okal. Alinisikiliza, macho yakaanza kumcheka, akafungua daftari.

"Simameni!" akapaza sauti. "Mimi ni Method Okal, mwandishi wa lile gazeti mlilolisoma. Nani atapiga sululu ya kwanza?"

"Mimi!" Mwikwabe.

"Kwa nini wewe?"

"Nimefika kwanza."

"Kufika si kutangulia," akasema mwanamke mmoja. "Mimi niliisikia kabla yake, nikachelewa usafiri."

"Mimi kabla yako!"

"Nyie wote mlitumiwa na mimi!"

"Vizuri sana," akasema Mzee Okal, akalamba kalamu. "Simu zenu zina saa. Kila mtu anioneshe alisikia saa ngapi, na alisikia kwa nani. Tupange foleni. Wa kwanza kabisa kusikia, huyo atachagua pa kuchimba. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Mimi nikawasha simu laivu kwenye mtandao, nikaishika juu. Ndani ya dakika tano walikuwa watu elfu mbili wanaangalia, wengi wakiwa bado njiani kuja.

Jamani, ile foleni! Watu walisukumana, wakaoneshana simu, wakaitana waongo, wakahama mbele, wakarudishwa nyuma. Dada alimsukuma shemeji yake. "Saa mbili na dakika nane mimi, wewe na dakika kumi na moja, rudi!" Mzee Okal anapita na daftari, shati limechomekewa tena, kila mtu anaulizwa swali lilelile. Ulisikia kwa nani? Na wewe ukaongeza nini?

Mwikwabe alikuwa wa kwanza kuulizwa. "Dhahabu nimeisoma kwenye gazeti."

"Gazeti," Mzee Okal akaandika. Akageuka huku na huku. "Gazeti liko wapi? Lisimame kwenye foleni."

Watu wakacheka. Yeye akanipa kalamu na daftari, akaenda akasimama mwenyewe mbele ya Mwikwabe. "Hapa ni pa gazeti langu. Nitasimama mimi. Niulize, binti."

Nilimwonea aibu, lakini nikauliza. "Gazeti lilisikia kwa nani, mzee?"

"Kwa mtu wa Sirari."

"Liliongeza nini?"

"Liliongeza herufi kubwa," akasema. "Na halikumuuliza mtu wa pili."

Mtu wa Sirari alikuwepo, amevaa miwani ya jua. "Mimi sikudanganya mtu, buda. Niliweka tu ramani na moto tatu. Si nilipata kwa huyu mathe?"

Huyo mathe ni mama anayeuza mitumba sokoni Tarime. "Mimi niliongeza kibali tu. Niliona aibu kutuma watu mahali pasipo na kibali." Yeye alisikia kwa dereva wa bodaboda wa Nkende. Dereva akajikuna. "Kilo niliweka mimi. Abiria aliniuliza ni kiasi gani, ningemwambia sijui? Nilipata kwa dada huyu wa Geita."

Felista alikuwa amejificha nyuma ya turubai. Tukamtoa.

"Uliongeza nini, Felista?"

"Sikuongeza."

Nikasoma kwenye simu yake. "Hapa umeandika, nimeiona kwa macho yangu."

"Si niliiona picha? Picha naiangalia kwa masikio?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na laivu watu wakaanza kutuma vikaragosi vya kulia machozi. "Na wewe ulipata kwa nani?"

"Si kwako wewe!"

Basi na mimi nikaingia kwenye foleni, mwenye daftari. Nikajijibu kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi sikuongeza. Nilipunguza. Niliacha kusema ni kazi ya nini, nikidhani kila mtu anajua. Na mimi nilisikia kwa huyu." Nikamwonesha bibi.

Watu mia nne wakageuka kumwangalia Bibi Gati. Alikuwa mbele ya wote, peke yake, mgongo kwa mlango wa nyumba yake. Foleni ilianzia kwake ikapita uwanja, ikapita lundo la mchanga, ikazunguka shimo la udongo, ikafika kisimani.

"Bibi," akauliza Mzee Okal, "wewe ulisikia kwa nani kwamba hapa kuna dhahabu?"

"Dhahabu?" akasema bibi. "Nani alisema dhahabu? Mimi nilisema jembe."

Juu ya jiwe mbuzi akakohoa.

Watu wakaanza kuangaliana, mmoja kwa mmoja, kuanzia nyuma kuja mbele. Kila mtu aliona aliyempa, na aliyempa naye anaangalia aliyempa. Dereva wa Nkende ndiye aliyeshindwa kwanza, akaanguka chini kwa kicheko, akawa anapiga ardhi na viganja. "Kilo! Mimi niliweka kilo!" Basi ikapasuka foleni nzima.

Mwikwabe hakucheka. "Ukuta unang'aa," akasema. "Niosheeni."

Bibi mwenyewe akabandua kipande kama kiganja kwenye kona ile iliyopigwa, akamkabidhi Felista. Felista akachuchumaa na karai, akatia maji, akazungusha. Hapo hakuna mzaha, mkono ule hausemi uongo. Vichwa vikainama. Akazungusha, akamwaga, akazungusha. Vile vijiwe vya kumetameta vikaelea juu, vikaondoka na maji. Dhahabu ina uzito, inabaki chini. Chini ulibaki udongo wa Mbalibali.

Felista akaonesha karai kwa kila mtu, na kwa simu yangu. "Hakuna," akasema. "Na safari hii nimeona kwa macho yangu kweli."

"Sasa sisi tumekuja kufanya nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, karibu na kisima.

Bibi akajibu papo hapo. "Wewe wa kisimani, una karai?"

"Ninalo."

"Jaza maji, mpe wa mbele yako."

Sijui kama yule mtu alifikiri. Alijaza, akampa wa mbele yake. Wa mbele akampa wa mbele yake. Karai likatembea foleni ile ile ambayo kilo na kibali vilitembea, likapita kwa mtu wa Sirari, likamlowesha viatu akasema "Wueh!", likapita kwa mama wa mitumba, likapita kwa dereva. Kwenye shimo vijana walikuwa wameshaingia na majembe, wanakanyaga udongo. Udongo ukaanza kutembea nao. Ulipofika kwa gazeti, Mzee Okal akaupokea kwa mikono miwili, tope likamchuruzika mpaka kwenye viwiko, akampa Mwikwabe, kwa sababu huko mbele palihitajika mtu mrefu.

Nimeshuhudia risaga nyingi. Sijaona nyumba inayokandikwa na watu mia nne. Kuta zilikuwa zinajaa huku unaangalia. Watu wa Shinyanga walileta wimbo wao, wa Geita wakaleta wao, Wakurya wakaanza kuruka, udongo ukawa unarushwa kwa mapigo. Kwenye laivu mtu akaandika, mimi niko njiani, nirudi au nije? Mwingine akamjibu, njoo, kuna upande wa nyuma haujaisha. Na walikuja kweli. Wengine walirudi wakitukana, siwezi kusema uongo, na mtu mmoja aliondoka na karai lisilo lake.

Mwikwabe kila donge aliligeuza kwanza mkononi, akaliangalia kwa jua, ndipo akalibandika juu kabisa chini ya bati.

"Pamepinda hapo," bibi akamwambia.

"Wapi mama?"

"Hapo ulipokuwa unatafuta. Bandua, rudia."

Akabandua, akarudia.

Saa sita, imebaki ile kona tu, simu ya Mzee Okal ikalia mfukoni mwake. Mikono yake yote ilikuwa tope, akaniambia niitoe. Nikasoma jina: Mhariri. Nikamwekea sikioni.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, nimethibitisha. Hapana. Hapana, hakuna hata punje. Nani? Mhariri, mimi habari hii siwezi kukuandikia, mimi nimo ndani yake, ni namba saba kwenye foleni. Yuko mtu hapa aliyekuwepo tangu mwanzo." Akanionesha kwa kidevu nichukue simu.

Nikaiweka sikioni kwangu. Sauti ya mtu wa mjini, ya haraka. "Haya, wewe ni nani?"

"Mimi ni Mokami. Nauza uji Kemagutu."

"Elimu yako?"

"Darasa la saba."

Akapumua. "Haya, Mokami, niambie, dhahabu iko wapi?"

Bibi alikuwa ameinama kwenye kona yake, anailainisha kwa kiganja. Alipomaliza akasimama, akaisukuma nyumba kwa bega, kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akaisukuma tena kwa furaha tu, na Mwikwabe naye akaja akasukuma upande wa pili, ili kuhakikisha.

"Dhahabu hakuna," nikasema. "Nyumba ipo. Nikwambie ilivyokuwa, au unataka umuulize mtu wa pili kwanza? Wako wengi, wamesimama kwenye foleni."

Kule Dar es Salaam nikasikia droo inafunguliwa, karatasi zinasogezwa.

"Subiri," akasema. "Natafuta kalamu."

Nikasubiri.